Siku Tuliyofukuza Paa kwa Mayowe

Kila nikiona upinde, mwanangu, inanirudia siku moja ya ujana wangu, na jana umeuleta upinde mpaka ndani ya sabla yangu, chumba changu cha wageni. Basi leo utakaa unisikilize. Uliingia ukanipa shikamoo yako vizuri, ukakaa, ukatoa kwenye mfuko kile chombo chenye magurudumu na nyaya, ukaniambia, "Babu, hii upinde ina nguvu sana, wallahi." Kiswahili chako nimekusamehe, umezaliwa Ibra na umesomea Maskati, si kosa lako. Lakini habari za nguvu za upinde sikuwa na hamu nazo. Nilitaka kujua mtasimama wapi, na nani atakuwa mbele ya nani.

Ukanionyesha kwenye simu. Wewe na wenzako mmechukua likizo, mmepata kibali kwenye shamba la wanyama huko Afrika Kusini, na mmekubaliana kuwinda kwa kufukuza. Nusu yenu waingie kichakani wawasukume swala, nusu wakae mbele na pinde zao wakingoja. Mmechora ramani nzuri, na alama nyekundu kwa wafukuzaji na za kijani kwa waviziaji. Kisha ukaniomba dua. Nikakwambia njoo kesho baada ya alasiri, ukadhani babu amechoka. Sikuchoka. Nilitaka nipate usiku mmoja wa kuyapanga maneno, kwa sababu habari hii sijamsimulia mtu wa umri wako, na wengi waliokuwamo hawapo tena.

Sisi wa ukoo huu tulizaliwa Tabora. Hilo unalijua, ingawa ukisikia Tabora unafikiri ni mahali pa hadithi tu. Baba zetu waliuza nguo na chumvi vijijini, na sisi tukakua na vijana wa Kinyamwezi, tukala nao, tukapigana nao, na upinde tukafundishwa nao. Msako wa kule ulikuwa hivi. Pori la miombo ni zito, mtu anaweza kuwa karibu yako ukimtupia kofia inamwangukia, na usimwone. Kwa hiyo wafukuzaji waliingia kwa mayowe, na kila mmoja alikuwa na mlio wake mwenyewe. Huyu anapiga magongo, yule anaimba, mwingine anamtukana bibi yake kwa sauti kubwa, na bibi mwenyewe yuko nyumbani hana habari. Waviziaji waliokaa mbele hawakuhitaji kuwaona wenzao. Wakisikia magongo kushoto wanajua fulani yuko kushoto, wakisikia wimbo kulia wanajua nani yuko kulia. Mshale hautoki mpaka milio yote umeisikia na umejua upande gani hauna mtu. Tulifundishwa hivyo tangu wadogo, na kule Tabora sijaona mtu akidhurika.

Katika sisi alikuwapo Khalfani, mtoto wa shangazi yangu. Mama yake hakuwa na mtoto mwingine. Kijana mwembamba, mcheshi, mwepesi wa kupanda, na mlio wake ulikuwa mluzi wa vidole, mrefu, unaopanda juu mwishoni. Ukiusikia huwezi kuuchanganya na wa mtu mwingine. Na alikuwapo Nasoro, mtoto wa Ami Salum, kaka mkubwa wa baba yangu. Nasoro alikuwa mwenye shabaha kutupita sote, na hakuwa na haraka. Wawili hawa walikuwa hawaachani. Mmoja akinunuliwa viatu, mwingine anavijaribu kwanza.

Tukahamia huku Omani. Watu wa Ibra walituita Wazanzibari, na sisi Zanzibari yenyewe tulikuwa hatujaiona, tumeipita kwenye meli tu. Kiarabu chetu kilikuwa cha kuombea maji na kuulizia njia. Nilikuwa kijana wa ndevu za kwanza, na nitakwambia kweli, nilikuwa na huzuni. Kila kitu hapa kilikuwa jiwe na jua. Nasoro alikuwa ameubeba upinde wake kutoka Tabora umefungwa ndani ya mkeka, na jioni alikuwa akiufungua anaupaka mafuta, na sisi tunakaa tunautazama kama watu wanaotazama picha ya nyumbani.

Siku zile paa wa mabonde haya walikuwa bado wanawindwa. Leo ni marufuku, ukimgusa mmoja unalala ndani, na mimi naona ni haki kabisa. Lakini wakati ule ilikuwa si kitu. Khalfani alikuwa amechumba, nikaha imekaribia, na Nasoro akasema haiwezekani ndugu yake aoe bila nyama ya porini kwenye sinia, kama tungekuwa kwetu. Sote tukafurahi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tufike kwamba tulipanga jambo tunalolijua sisi wenyewe, bila kumuuliza mtu.

Ami Salum akatupeleka kwa Landrova yake. Goti lilikuwa linamsumbua, akasema atabaki kwenye gari awapikie kahawa watakaorudi na kitu. Alikataza sumu kwenye mishale. Kule Tabora wapo walioipaka, lakini yeye alisema nyama ya harusi haipakwi sumu, na namshukuru Mungu kwa neno hilo mpaka leo.

Bonde lenyewe liko upande wa milimani, ukitoka Ibra unaiacha njia ya mchanga nyuma yako. Ni jembamba, kuta za mwamba pande zote mbili, chini kuna changarawe na miti ya samri, ile migunga midogo yenye kivuli kibovu, na mawe makubwa yaliyoletwa na mafuriko. Tulipoliona tulisema hapa ndipo penyewe, paa hana pa kutokea. Nasoro na wenzake wawili wakazunguka mbele wakakaa, kila mmoja nyuma ya mti wake. Sisi wafukuzaji tukapanga mstari kutoka ukuta mpaka ukuta. Mimi nilikuwa katikati. Khalfani akachukua ukingo wa kulia, chini ya mwamba. Mwenzetu mwingine akawa kushoto.

Tukaanza na mayowe, kama kwetu. Na hapo ndipo kosa lilipoingia, mwanangu, kosa ambalo mtu aliyezaliwa Ibra asingelifanya na mtu aliyebaki Tabora asingelihitaji kulijua. Pori la miti linameza sauti. Linakuachia ile iliyo karibu, na inatoka pale pale alipo mwenye nayo. Bonde la mawe halimezi kitu. Sauti inagonga ukuta huu, inakwenda ukuta wa pili, inarudi, na ikikufikia hujui imeanzia wapi. Nilikuwa natembea katikati, nikausikia mluzi wa Khalfani kushoto kwangu. Nikajiambia, huyu amevuka, lake hilo, hatulii. Sikushangaa hata kidogo. Masikio yangu yalikuwa hayajawahi kunidanganya.

Khalfani hakuvuka. Mawe yalimzuia njia chini ya mwamba, naye mtu wa kupanda, akapanda. Kulikuwa na kama ubao wa jiwe unaokwenda sambamba na bonde, juu kidogo, wenye vichaka. Akaufuata huo, na kwa kuwa juu hakukuwa na mawe ya kumchelewesha, alitutangulia bila kujua. Paa jike naye alikuwa ameuchukua ubao ule ule, mbele yake.

Huku mbele, Nasoro alimwona paa kichakani, akampoteza. Akangoja. Yeye mwenyewe alinisimulia baadaye, neno kwa neno. Alitega sikio kama alivyofundishwa. Akasikia sauti yangu katikati. Akasikia magongo ya yule mwingine. Akasikia mluzi wa Khalfani, na ulikuwa upande wa kushoto kwetu sisi wafukuzaji, wazi kabisa. Basi kulia kwetu hakuna mtu. Kichaka kikatikisika upande huo wa kulia, juu ya ubao wa jiwe, na kitu cha rangi ya udongo kikapita nyuma ya majani. Siku zile dishdasha zetu, kanzu za huku, zile za kuwindia tulikuwa tukizichovya maji ya maganda ya miti ili zisionekane. Nasoro akavuta, akataja jina la Mungu kama anavyotaja kila mwindaji Mwislamu ili nyama iwe halali, akaachia.

Sisi tulisikia ukelele. Ulitoka kila upande kwa pamoja, kisha ukanyamaza, na mluzi haukurudi tena. Niliita, "Khalfani!" na bonde lote likaniitia Khalfani mara nyingi, halafu kimya. Niliogopa, mwanangu. Nimeshapata ajali ya gari, nimeshafanyiwa operesheni ya moyo, na sijaogopa tena kama vile.

Ami Salum alisikia kutoka kwenye gari akaja, anaburuta lile goti juu ya changarawe. Sisi tulikuwa tunakimbia ovyo, mmoja huku mmoja kule, tunapishana. Akatusimamisha. Hakupaza sauti. Akasema, "Simameni. Khalfani alikuwa wapi? Kila mtu aonyeshe kwa mkono."

Tukanyoosha mikono. Mimi nilionyesha kushoto. Mwenye magongo alionyesha nyuma yetu, tulikotoka. Wale waviziaji wawili, mmoja alionyesha juu ya ukuta wa pili, mmoja alionyesha chini kwenye mawe. Na Ami Salum mwenyewe, aliyekuwa amekaa kwenye gari akitusikiliza asubuhi nzima, mkono wake ulikuwa umenyooka kuelekea mahali pengine kabisa. Tukatazamana na ile mikono yetu. Hakuna miwili iliyokwenda upande mmoja.

Nasoro peke yake hakuonyesha. Alikuwa amesimama na upinde umening'inia. Akasema, "Mimi najua nilikopiga." Akatangulia, nasi tukamfuata, maana katika watu wote waliomo bondeni yeye tu ndiye aliyekuwa na uhakika wa kitu, na kitu chenyewe kilikuwa hicho.

Tulimkuta Khalfani amelala ubavu juu ya lile jiwe, mshale umeingia kwenye paja, karibu na nyonga. Alikuwa na fahamu. Alimtazama Nasoro akamwambia, "We bwana, hata paa hukumwona?" Alitaka kumfanya acheke. Nasoro alitaka kuuchomoa mshale, Ami akamzuia mkono, akasema ukitoka na damu yote itatoka. Akaukata mti wa mshale, akafunga paja kwa kilemba chake, tukambeba kwenye wizari mbili, zile shuka za kiunoni, zilizofungwa pamoja. Barabara ya lami ilikuwa bado. Mpaka hospitali Maskati ni kurushwa juu na kuangushwa chini njia nzima, na kila gari likiruka Khalfani anauma kitambaa. Mama yake tulimpitia njiani. Sitasema alivyokuwa. Alikaa nyuma ameshika kichwa cha mwanawe na hakutuuliza neno, na afadhali angetupiga.

Madaktari walipomchukua tukabaki uani. Tulikuwa tunamngoja Ami amkaripie Nasoro, na Nasoro mwenyewe alikuwa anangoja, ameinamisha kichwa. Ami akatukalisha sote kwanza. Akasema, "Huyu mwanangu ndiye aliyeachia mshale, na hilo atalibeba. Lakini mmetoka nyumbani pamoja, mkapanda gari moja, mkasoma dua moja, na katikati ya bonde hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa na mwenzake. Mlikuwa na kelele. Mlizitegemea kelele zenu mkaacha kuangaliana. Nami nimo, nilikaa na birika la kahawa nikasema naam, nawasikia." Hakuyarudia maneno hayo tena katika maisha yake.

Khalfani akapona. Mguu ulibaki mfupi kidogo, ukimwona anatembea utadhani anasalimia kila hatua. Nikaha ikasogezwa mbele kisha ikafungwa, akazaa, akafanya kazi serikalini mpaka akastaafu. Kwa Nasoro hakuwa na kinyongo hata chembe. Alimtania, alimwita, alimpelekea watoto wamwamkie. Nasoro ndiye hakuweza. Hakuja kwenye harusi. Akahamia Sur, akafungua duka la vifaa vya ujenzi, na kila Iddi Khalfani alikuwa anapanda gari anakwenda Sur kumtembelea, na kila Iddi anaambiwa Nasoro ametoka. Anakunywa kahawa na watoto wa Nasoro, anarudi Ibra. Miaka ikapita hivyo.

Mara moja mimi nilimkuta dukani kwake nikamkabili. Nikamwambia, yakhe, mtu amekusamehe tangu siku ile ile, wewe unamkimbia nini? Akapanga misumari kwenye kibati chake muda mrefu. Akasema, "Hemedi, nilitaja bismillahi. Nilisema bismillahi, nikamwachia ndugu yangu mshale. Nikimwona najisikia ulimi wangu unaisema tena." Alikuwa amemuuliza shekhe, akaambiwa hana dhambi, alikosea naye hakukusudia, na yeye alikubali kwa kichwa, moyo haukukubali.

Nasoro alipofariki, Khalfani alifika Sur kabla yetu. Mwenye mguu mbovu alitutangulia sisi wazima. Aliomba awe miongoni mwa wanaomwosha, na watoto wa Nasoro wakamruhusu. Tulipokuwa tunamwosha alinong'ona, si kwangu, "Sasa umekaa, eh." Ilikuwa mara ya kwanza tangu ujana wao kuwa katika chumba kimoja. Nililia pale mbele za watu, sikuona haya, na sioni haya kukwambia.

Ndiyo maana jana sikukupa dua. Ramani yako nimeitazama, na waliochora wana akili, lakini ramani inasema mtu ataanzia wapi, haisemi yuko wapi sasa. Sikiliza, basi. Kwanza acheni kelele. Upinde si bunduki. Swala aliyeshtuka anakimbia, na anayekimbia hapigwi kwa mshale na mtu mwenye huruma, atajeruhiwa akafie mbali. Wafukuzaji watembee polepole kama watu waliopoteza ufunguo, wasimame, waendelee, mnyama asogee kwa miguu yake mwenyewe bila kujua anasukumwa. Na wakitembea polepole wataweza pia kuonana. Mfukuzaji lazima amwone wa kulia kwake na wa kushoto kwake kwa macho. Akimpoteza mmoja, msako umesimama, wote, hata kama swala mkubwa kuliko wote yuko mbele ya mshale.

Aliyewekwa mahali asitoke mahali hapo, hata akichoka, hata akiona wenzake wanapata yeye hapati. Ukikuta njia imezibwa, usitafute nyingine kwa akili yako. Simama, sema. Vaeni zile fulana za rangi ya chungwa, mnyama haijali rangi hiyo na mwenzako ataijali. Na mviziaji asipige kuelekea wanakotoka wenzake, kamwe, awe amewasikia au hajawasikia. Amwache mnyama ampite, apige akiwa amekwisha pita na mgongo wa mviziaji umewaelekea wafukuzaji. Utasema nafasi itakuwa ndogo. Ndiyo, itakuwa ndogo, na mtarudi mikono mitupu mara nyingi, na nyama iko sokoni.

Jambo moja zaidi, na hili si la wawindaji peke yao. Katika kundi lenu atakuwapo mmoja atakayesema, mimi sina uhakika fulani yuko wapi. Pengine ni yule mnayemcheka kila siku. Siku hiyo msimcheke. Wekeni chini silaha, mtafuteni fulani, mkimpata mwambieni aliyeuliza ahsante. Sisi hatukuwa na mtu wa kuuliza. Sote tulikuwa na uhakika, kila mmoja na wake.

Haya, nyoosha mikono sasa, nikuombee. Mungu akufikisheni salama wewe na wenzako, akupeni macho ya kuonana na subira ya kuacha. Akiwaruzuku, muile kwa sinia moja. Akiwanyima, msigombane. Na ukiachia mshale kwa jina lake, jina hilo likae ulimini mwako tamu mpaka mwisho wa umri wako, na wale uliotoka nao uweze kuketi nao wangali hai. Amin.